Novemba Hailiwi Julai

Julai 2012 nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na tuliondoka wanafunzi kama kumi na tano kwenye gari moja hadi Newala mjini, mkoani Mtwara, kila mmoja na karatasi yake ya deni. Kutoka mjini hadi kijijini kwetu nilitembea. Huo ni mwezi wa baridi na vumbi kwenye uwanda wa Makonde, na mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua. Harufu ya maua yake ilinifuata njia nzima.

Mama hakuniuliza nimerudia nini. Aliichukua ile karatasi, akaisoma taratibu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Asubuhi yake mjomba alikuja na mwenye duka. Wakaingia shambani watatu, mimi nikiwafuata kwa nyuma. Mwenye duka alitembea akiangalia juu, anahesabu matawi yaliyochanua vizuri, anauliza mti huu mwaka jana ulitoa debe ngapi, na ule wa kwenye kichuguu umepuliziwa salfa au bado. Wakakubaliana magunia matatu, shilingi 30,000 kwa gunia, yatakayotolewa korosho zikianza kudondoka. Korosho zenyewe hazikuwapo bado. Mwenye duka alinunua maua.

Zile 90,000 ziligawanywa siku ile ile. 65,000 zikaenda shule, ada na michango. Zilizobaki zikanunua makopa ya muhogo, sabuni, mafuta ya taa na sehemu ya mfuko wa salfa tulioshirikiana na jirani, maana mikorosho isipopuliziwa, ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha maua na hata hayo magunia matatu ya watu yasingepatikana. Jumatatu nikarudi darasani.

Hiyo ndiyo kangomba. Kwa asiyelijua neno hili: tangu 2007 korosho ya kusini inatakiwa iuzwe kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo wake chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana bei kwenye mnada, kisha pesa inarudi kwa mkulima baada ya makato. Korosho yoyote inayouzwa kando ya njia hiyo, kwa bakuli la mnunuzi badala ya mizani, mara nyingi kabla haijavunwa, ni kangomba. Serikali inaipiga marufuku kila msimu. Nimewasikia wakuu wa mkoa wanne au watano wakiitangazia vita, na sijawahi kuona msimu bila kangomba.

Hata kwingine jambo hili lipo, limebadilishwa jina tu. Kagera wenye kahawa wanaliita butura, Mbinga wanaliita magoma. Nilipofika chuo Dar es Salaam na kukaa chumba kimoja na binti wa Karagwe, tulishangaa jinsi tulivyosimuliana kitu kile kile: yeye kahawa ikiwa bado kijani mtini, mimi maua ya korosho.

Leo mimi ni mhasibu, na hesabu ya yale magunia matatu nimeirudia mara nyingi kuliko mitihani yangu yote. Gunia tulilikadiria kilo 80, ingawa kwa jinsi mwenye duka alivyoyashindilia yalizidi. Kilo 240. Msimu ulipofunguliwa, malipo ya kwanza yalikuwa shilingi 600 kwa kilo, na tuliambiwa malipo ya pili yatafikisha 1,200. Kwa malipo ya kwanza peke yake, mzigo wa shilingi 90,000 ulikuwa umekuwa 144,000. Kwa bei iliyoahidiwa ungekuwa 288,000. Miezi minne. Hakuna benki nchini iliyothubutu kutangaza riba ya namna hiyo, wala mkopeshaji wa mtaani niliyepata kumsikia.

Siku moja, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilimwonyesha mama hesabu hiyo kwenye daftari. Nilikuwa nimeipigia mistari vizuri. Nadhani nilitaka aone nilichosomea, na labda moyoni nilitaka kumfundisha. Aliiangalia, akanirudishia daftari.

“Hesabu hiyo naijua, mwanangu. Nilikuwa naijua tangu siku ile tunazunguka na yule bwana. Lakini Novemba hailiwi Julai.”

Nimeishi na sentensi hiyo. Kila ninaposikia watu wakiuliza kwa nini nchi yenye dhahabu, tanzanite, gesi, bandari, mito na ardhi kama hii ina watu maskini kiasi hiki, nairudia moyoni. Majibu mengine nimeyasoma na mengi yana ukweli ndani yake. Wizi upo. Mikataba mibovu ipo. Lakini mama yangu hakuibiwa siku ile, wala hakudanganywa. Alikuwa na mali, mali halisi, mikorosho arobaini na kitu iliyopandwa na bibi yake. Alichokosa ni pesa ya kumwezesha kusubiri mali yake iive.

*

Kuna hadithi watu wa kusini tunasimuliwa kila tukifika Dar, kwamba misimu ile korosho ilipofika shilingi 4,000 kwa kilo, 2016 na 2017, watu wa kwetu waliwanywesha mbuzi soda. Wengine wanasema bia. Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia ofisini, nimeisikia harusini. Labda kuna mtu alifanya, sijui mbuzi wa nani. Ninachokijua ni kilichotokea nyumbani kwetu. Mama aliezeka bati. Alichimba tangi la chini la kuvunia maji ya mvua, akalisakafia kwa saruji. Uwandani kwetu chemchemi ziko chini bondeni, na kiangazi wanawake hushuka na kupanda mteremko kwa saa nyingi au wananunua maji kwa ndoo. Kabla ya tangi, kila ndoo tuliyoinunua mwezi wa tisa ilitoka kwenye korosho ambayo haijaokotwa. Tangi lile lilituondolea sababu moja ya kuuza maua, na hakuna aliyekuja kulisimulia Dar.

Mtu anayepata pesa mara moja kwa mwaka, katika majuma yale yale majirani zake wote wanapata, lazima aonekane mfujaji kwa mtu anayelipwa kila tarehe 27. Jando na unyago huangukia kipindi chenye chakula, harusi hufuata, madeni yote hulipwa, pikipiki zinanunuliwa. Ukipita Desemba unaona sherehe. Hukupita Julai.

Na wala mwenye duka wetu simuiti adui. Alikuwa jirani, mtoto wake nilisoma naye. Wanunuzi wa kangomba vijijini ni watu wa kawaida wenye kipato cha kila mwezi au cha kila siku: mwalimu, muuguzi, mwenye mashine ya kusaga, fundi. Tofauti ya mwenye duka na mama ni kwamba yeye Julai alikuwa na 90,000 asiyoihitaji hadi Novemba. Hiyo tu. Halafu yeye aliijua mikorosho yetu mti kwa mti, akaikubali kuwa dhamana. Benki ya mjini ilitaka hati ya shamba, na katika kijiji chetu hakuna aliyekuwa na hati. Mali ya mama ilikuwa na thamani machoni pa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyepanga bei.

*

Mkorosho si mti wetu wa asili. Wareno waliuleta kutoka Brazil karne ya 16, ukaipenda ardhi ya kichanga ya pwani. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha karibu tani 145,000, tukiwa miongoni mwa wakubwa duniani. Baada ya hapo uzalishaji ukaporomoka. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na miti yao, bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo, ubwiriunga ukaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000. Bibi alinisimulia kwamba kuna miaka hawakuokota kabisa, korosho ziliota zenyewe chini ya miti.

Kilichoniuma zaidi katika historia hiyo ni viwanda. Katika miaka ile ile ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1980 serikali ilikopa na kujenga viwanda vikubwa vya kubangulia korosho, 12 kwa jumla, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Tunduru, Mtwara na kwingineko. Uwezo wake wote ukijumlishwa ulizidi tani 100,000 kwa mwaka. Vilikamilika wakati korosho zenyewe zimekwisha, na vingine havikuwahi kufanya kazi ipasavyo hata mwaka mmoja. Deni likabaki. Baadaye vilibinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Nikiwa mdogo nililiona jengo la namna hiyo kila tulipokwenda mjini, na nilidhani kazi ya kiwanda ni kufunga magunia.

Sasa korosho zimerudi. Msimu wa 2017/18 zilipita tani 300,000, na msimu wa 2024/25 zilivuka 500,000. Sehemu kubwa sana bado inaondoka ikiwa na ganda lake, inakwenda Vietnam na India. Kule inabanguliwa, inachambuliwa kwa madaraja, inauzwa Ulaya na Marekani, na kazi yote ya mikono na mashine inabaki kule. Ganda lenyewe lina mafuta makali yanayounguza vidole, kazi ya kubangua si ya kuonea fahari ikifanywa bila glovu na majivu, lakini ni kazi, ya mwezi wa pili na wa tano na wa saba, miezi ambayo kwetu hakuna shilingi.

Kwa nini hatubangui? Nilipokuwa mtoto nilijibiwa kwamba hatuna utaalamu. Nilipokua nikajibiwa kwamba viongozi hawataki. Nikaja kulielewa jambo hili kwa kalamu, siku niliyojaribu kuandaa makadirio ya kiwanda cha kufikirika kwa ajili ya rafiki aliyetaka kuomba mkopo. Tuseme kiwanda kinabangua tani 5,000 kwa mwaka, na korosho ghafi ni shilingi 3,000 kwa kilo. Korosho huuzwa kwa wiki chache tu, Oktoba hadi Januari hivi. Mwenye kiwanda anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya wiki hizo: bilioni 15, taslimu, kabla hajauza hata kopo moja. Kisha atabangua kidogo kidogo hadi msimu ujao, huku benki ikimdai riba ya asilimia 15 au zaidi juu ya mzigo ambao bado umelala ghalani. Mnunuzi wa korosho ghafi anasimama naye kwenye mnada huo huo. Yeye amekopa kwao kwa riba nafuu, atausafirisha mzigo, atalipwa na mwenye kiwanda wa kule, basi. Anaweza kutoa bei inayompita mwenzake na bado akapata faida.

Niliiweka kalamu chini. Kiwanda kile cha kufikirika kilikuwa kimekwama pale pale alipokwama mama, chini ya mikorosho, na karatasi yangu ya deni kwenye pindo la kanga. Mitambo na mikono vinapatikana. Kilichokosekana ni pesa ya kusubiria.

Rafiki yangu hakupata mkopo. Benki ilitaka dhamana ya nyumba Dar.

*

Hayati Rais Magufuli alirudia mara nyingi kwamba Tanzania ni nchi tajiri, na wengi tulifurahi kulisikia, kwa sababu tulikuwa tumechoka kuambiwa sisi ni maskini kana kwamba ni kabila letu. Mimi naamini alisema kweli. Lakini utajiri wa aina yetu ni utajiri wa maua. Angalia dhahabu. Mwaka 1998 tulipitisha sheria ya madini iliyomruhusu mwekezaji wa nje kumiliki mgodi kwa asilimia 100, kuingiza mitambo bila ushuru na kuweka mapato yake nje ya nchi, nasi tukachukua mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini anayoilipa mchimbaji kwa serikali, wa asilimia 3. Migodi ikafunguliwa harakaharaka: Nzega, Geita, Bulyanhulu, North Mara. Wakati tunaandika sheria ile wakia moja ya dhahabu ilikuwa karibu dola 300. Mwaka 2011 ilifika dola 1,900. Tuliyoyaandika tukiwa na njaa ndiyo yaliyotufunga tulipokuwa na mavuno.

Watu wengi wa rika langu wanawalaumu waliotunga sheria ile kana kwamba walikuwa wajinga. Baadhi yao labda walikuwa na lao. Lakini nchi ya 1998 ilikuwa imebanwa na madeni, ikijadiliana na wakopeshaji ili isamehewe, na msamaha wenyewe haukukamilika hadi 2001. Shule zilikuwa zinatoza ada hata darasa la kwanza. Nikiifikiria nchi ile naiona kama mtu aliyeshika karatasi ya deni, na mgeni mwenye fedha anatembea shambani akiangalia juu. Mwaka 2010 mrabaha ukapandishwa hadi asilimia 4. Mwaka 2017, baada ya sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, ukafika 6, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi. Kwa miaka 19 tulikuwa tunapeleka magunia kwa mwenye duka.

Na gesi ya kwetu. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982. Mtwara iliingojea miaka mingi, watu wakizeeka wakiambiwa kuna utajiri chini ya bahari yao. Ilipofika zamu ya kuitumia kwa wingi, ikaamuliwa ijengwe bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, kwa mkopo wa China. Mwishoni mwa 2012 watu waliandamana Mtwara kwa amani wakisema gesi haitoki. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji uliwaka moto, jeshi likaingia, watu wakapoteza maisha. Bomba likazinduliwa 2015. Dar waliwaita watu wale wabinafsi, wachoyo wa rasilimali ya taifa. Nilikuwa kidato cha nne wakati ule, na nilikuwa najua majina ya baadhi ya waliokuwa barabarani. Walikuwa watoto wa watu waliouza maua kila mwaka. Kwa mara ya kwanza waliona mali ambayo ingeweza kuleta mshahara wa kila mwezi, viwanda vinavyofuata moto wa gesi, na waliona inapakiwa kuondoka ghafi kama korosho. Sikubaliani na kuchoma nyumba ya mtu. Lakini hasira yao niliielewa wakati ule na naielewa mpaka leo.

Kusini imezoea kungoja namna nyingine pia. Waingereza walijenga bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza 1947. Mradi ukafa ndani ya miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Hadi daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yalilala foleni kwenye kivuko cha Ndundu, na masika barabara ilikatika kabisa. Kila siku lori lililolala pale, mnunuzi aliikata kwenye bei ya mkulima.

*

Oktoba 2018 wakulima walifanya kitu ambacho mama hukisimulia kwa sauti ya chini, kama anavyosimulia mambo ya msikitini. Bei zilizosomwa kwenye minada zilikuwa chini ya shilingi 3,000, na watu wakazikataa. Walisimama juani, masanduku yakafunguliwa, bei zikasomwa, wakasema hatuuzi. Novemba Rais akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300 na jeshi litazisomba. Kijijini walicheza ngoma.

Kisha likaja zoezi la uhakiki. Kila mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake, ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe. Nia niliielewa. Lakini malipo yalichelewa, kwa wengine miezi na miezi, na katika kuchelewa huko watu walirudi kule kule: kukopa. Mama alikuwa na kilo 410. Alizipeleka mwezi wa 11, akalipwa baada ya shule kufunguliwa, na ada ya mdogo wangu ya chuo ilitoka kwangu. Mama mdogo hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa ameuza kangomba kwa mwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine hakulipwa, akaja kumdai pesa yake mama mdogo, na mama mdogo alishaila Agosti. Wakaishia kugombana watu waliokuwa wakizikana. Mpaka leo hawasalimiani vizuri.

Nilichojifunza mwaka ule, na ninakisema nikijua kuna watakaokasirika, ni kwamba ukimpiga mnunuzi wa kangomba bila kuweka pesa ya Julai mahali pake, umemnyang'anya maskini mkopo wake wa pekee. Mkopo mbaya, wa kinyonyaji, lakini ndio uliompeleka mtoto shule. Mwaka huo huo, mwezi wa sita, bunge lilikuwa limepitisha kwamba ushuru wote wa korosho inayosafirishwa nje uende Mfuko Mkuu wa Serikali, wakati kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilirudi kwenye zao, na ndiyo iliyonunua salfa ya bure msimu wa 2017. Wabunge wa kusini walilia humo ndani. Msimu uliofuata mavuno yalishuka sana. Mimi sihitaji uthibitisho mwingine kwamba mfuko wa salfa unaofika kwa wakati, mwezi wa tano, una nguvu kuliko hotuba ya Novemba. Misimu ya karibuni ruzuku ya pembejeo imerudi, na angalia mavuno yalivyopanda.

Kitaifa hesabu inasema kitu kile kile kwa sauti nyingine. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2011/12 ulikuta asilimia 28.2 ya Watanzania wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Ule wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4. Kati ya tafiti hizo mbili uchumi ulikua kwa asilimia 6 hadi 7 karibu kila mwaka, majengo ya Dar yakaongezeka ghorofa, na kwa kuwa tunaongezeka pia sisi, idadi ya watu maskini ilikuwa kubwa mwishoni kuliko mwanzoni. Julai 2020 tukatangazwa nchi ya kipato cha kati. Nilikuwa ofisini, wenzangu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Halafu nikakumbuka ni Julai.

Nikisikia sasa mipango ya kuacha kusafirisha korosho ghafi ifikapo 2030, na kongani ya viwanda, eneo la viwanda vya pamoja, inayojengwa Maranje, Mtwara, naiombea kwa moyo wote. Naomba pia mtu mmoja kwenye vikao hivyo aulize swali la mhasibu: pesa ya kununua mzigo wa mwaka mzima itatoka wapi, na kwa riba gani? Tuna majengo ya kiwanda tayari. Tuliyajenga kabla sijazaliwa.

*

Nyumbani kwetu mambo yamebadilika kwa namna ndogo. Mama na wenzake ishirini wana kikundi cha hisa, wanaweka kuanzia Novemba na sanduku linafunguliwa Juni badala ya Desemba kama vikundi vingine. Wazo lilikuwa la mama, analijivunia kuliko bati. Fedha ya sanduku haitoshi wote. Mwaka huu ilimpa 80,000, na mwezi uliopita alinipigia akitaka 40,000 za kukodi mashine ya kupulizia. Nilituma nikiwa bado kwenye simu naye. Alisikia mlio wa ujumbe, akasoma, akanyamaza kidogo.

“Basi za mwaka huu zitadondoka zikiwa za kwetu zote,” alisema. “Hata za kwenye kichuguu.”

Nilimuuliza habari za majirani. Akasema mwenye mashine amepita upande wa mama mdogo juzi, na mjomba alikuwa naye, wanaangalia juu. Miti saba ya mpakani. Alilisema hilo haraka, akahamia kwenye habari za mvua.

Jioni ile ile, nikiwa nimeshapika, simu ililia tena. Ilikuwa namba ya mama mdogo.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Umeshalala?”